Mwaka wa Sufuri

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba nyumba ya mtu inaweza kuuawa na hesabu. Sikuamini kidogo kidogo kama mtu anayeonja chumvi. Niliamini yote, nikalamba na mwiko. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Chora kisanduku chenye vyumba vinne, uandike humo umri wa watu wanne wa nyumba yako: juu baba na mama, chini kifungua mimba na kitinda mimba. Zidisha umri wa baba kwa wa kitinda mimba. Zidisha wa mama kwa wa kifungua mimba. Jibu la pili ulitoe katika la kwanza. Ukipata sufuri, basi yeyote kati ya hao wanne akilazwa hospitalini mwaka huo hatoki akitembea.

Aliyetuletea habari hiyo alikuwa muuza mitumba wa soko la Ikonge, mwenzetu wa darasa la jioni, mtu mwenye sauti ya kuuzia suruali hata akinong'ona. Alisema ameipata kwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kenyenya. Sisi hatukuhitaji ushahidi mwingine. Chuo kikuu, tena Kenyenya. Nani angebeba uongo umbali wote huo?

Darasa letu lilikuwa katika shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu. Ukikaa, magoti yanafika masikioni, na ukitaka kunyoosha mkono kuuliza swali lazima kwanza umwombe goti ruhusa. Tulikuwa watu kama elfu moja mle ndani, yaani kumi na wawili siku ambayo hakuna mvua. Wachuma chai, mpishi wa chapati, kijana wa bodaboda, huyo wa mitumba aliyekuwa anarudia kidato cha tatu kwa mara ya tatu, na mimi, niliyeacha shule zamani nikarudi nikiwa na miaka thelathini na ndevu.

Sitaki kumlaumu muuza mitumba peke yake. Mbegu ilipandwa na Mwalimu, binti mdogo mwenye uvumilivu wa ng'ombe, bila yeye mwenyewe kujua. Jioni moja alitufundisha matriksi. Alichora kisanduku cha namba nne, akatuonyesha kuzidisha kwa mshazari, huku na kule, kisha kutoa. "Hilo jibu linaitwa determinanti," akasema. "Ikiwa ni sufuri, matriksi hii haina kinyume. Ukishapita ndani yake, huwezi kurudi ulikotoka."

Huwezi kurudi ulikotoka. Unawaambiaje watu wa Nyamira maneno kama hayo, saa moja jioni, mvua ikigonga mabati, halafu utarajie waende nyumbani wakalale?

Wiki iliyofuata kila mtu alikuwa na kisanduku cha nyumba yake. Mpishi wa chapati alipata hasi mia moja sitini na nane. Kijana wa bodaboda, mwenye mke na watoto wawili wadogo, alipata hasi thelathini na tisa. Hata tajiri wa duka la vyuma mjini Kisii, Mhindi ambaye mmoja wetu alimfanyia kazi ya kubeba saruji, tulimwekea kisanduku cha wazazi wake bila yeye kujua. Ikaonekana sufuri yake ilipita miaka miwili nyuma, na katika mwaka huo huo mama yake alilazwa, akatoka, na mpaka leo anakaa dukani akiwakemea wateja. Hilo halikututikisa. Muuza mitumba alieleza kwamba mama huyo alitibiwa ng'ambo kwa ndege, na sufuri haipandi ndege. Tukaandika.

Mwalimu aliposikia, alisimama mbele yetu akafuta ubao taratibu sana, hata pale palipokuwa safi.

"Nani amewaambia huu upuuzi?"

Wote tukamwangalia muuza mitumba. Yeye akaangalia dirisha.

"Haya, sikilizeni," Mwalimu akasema. "Mwaka ukiisha, kila mmoja kwenye kisanduku anaongeza mwaka mmoja. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi na jibu linasogea. Na linasogea kwa hatua ile ile, mwaka baada ya mwaka. Jumlisha umri wa baba na wa kitinda mimba, utoe wa mama na wa kifungua mimba. Hiyo tofauti haibadiliki, kwa sababu wote wanazeeka pamoja. Hiyo ndiyo hatua. Kama ni tano, mfuatano utapanda kwa tano: hasi kumi, hasi tano, sufuri, tano, kumi. Sufuri ni namba tu inayopitiwa njiani. Haimfanyi mtu kitu."

Akatuonyesha kwenye ubao. Mama wa chapati, hatua yake ilikuwa sufuri kabisa: hasi mia moja sitini na nane mwaka huu, na mwakani, na siku zote. Kijana wa bodaboda alikuwa na hatua ya moja, kwa hiyo sufuri yake ilikuwa mbali, miaka thelathini na tisa mbele. Wengine mfuatano wao uliruka: hasi mbili mwaka huu, tatu mwaka ujao, bila kuigusa sufuri hata kidogo.

Kisha muuza mitumba akauliza kwa heshima zote, "Kwa hiyo, Mwalimu, mtu anaweza kuujua mwaka wake mapema?"

Mwalimu aliweka chaki chini. Nadhani kama asingekuwa Mkristo angelia pale pale.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na ratiba. Mama wa chapati tulimwita Milele, na alianza kutembea kama mtu aliyenunua shamba mbinguni. Kijana wa bodaboda alitangaza kwamba kwa miaka thelathini na tisa haoni haja ya kofia ya chuma. "Hata nikianguka, nitalazwa, nitatoka," alisema. "Hesabu imenikatia bima."

Na mimi nikapiga ya kwetu.

Nyumbani, baba yangu, tata kama tunavyosema sisi, alikuwa na desturi ya kuningoja. Aliacha shule akiwa darasa la tatu, na tangu nilipoanza masomo ya jioni alikuwa ameamua kwamba tunasoma wote wawili, ila mimi ndiye ninayetembea. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, majani ya chai yakiwa yameshapimwa na kubebwa na lori la kiwanda, miguu ikiwa imeoshwa, na kabla sijashusha mkoba aliniuliza, "Haya, Profesa, leo wamekudanganya nini?"

Jioni hiyo nilichukua kaa la moto lililozimika nikamchorea kisanduku kwenye mlango wa ghala. Sitini na sita, yeye. Hamsini na tano, mama. Thelathini na sita, dada yangu mkubwa aliyeolewa Suneka. Thelathini, mimi. Wale waliozaliwa katikati hawakuhitajika. Nikazidisha huku, nikazidisha kule: elfu moja mia tisa na themanini, elfu moja mia tisa na themanini. Sufuri. Chini yake nikaandika mfuatano kama Mwalimu alivyotufundisha. Mwaka juzi hasi kumi, mwaka jana hasi tano, mwaka huu sufuri, mwakani tano.

Nikamweleza maana yake. Mama alikuwa pembeni anabambua maharagwe.

"Na umri wangu umeutoa wapi?" tata akauliza.

"Kwenye kitambulisho, tata."

Aliutazama mlango kwa muda. Mama akainua uso akamtazama yeye.

"Sawa," tata akasema. "Basi mwaka huu hakuna kuugua hapa. Mwakani tutaugua vizuri."

Tulicheka. Nilicheka mimi zaidi ya wote, mpaka kuku wakahama mji.

Mvua ndefu zilipoanza, ugali ukaanza kumkwama. Mwanzoni alisema ni mama ambaye siku hizi anasonga ugali wa kujengea nyumba. Akawa anakunywa maji baada ya kila tonge. Kisha akaacha ugali akala ndizi za kupondwa. Kisha ndizi nazo zikamshinda, akabaki na uji, na hata uji aliumeza akiwa ameshika ukingo wa meza kama mtu anayevuka daraja bovu. Alikuwa mwanaume wa kubeba magunia mawili ya chai, moja kila bega, huku akipiga mluzi. Najua nimeongeza gunia moja, lakini mluzi ni wa kweli. Kufikia wakati wa kupalilia, koti lake la kanisani lilikuwa linamvaa yeye.

Tulimpeleka Nyamira, wakatutuma Kisii. Huko wakamwingiza mpira wenye kamera kooni. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alitukalisha mimi na tata kwenye benchi moja akavuta kiti akaketi mbele yetu. Alisema kuna uvimbe kwenye njia ya chakula. Alisema bado haujaenda mbali. Alisema ukikatwa mapema mzee ana nafasi nzuri, ila alazwe sasa, asingoje.

"Mnakata wapi?" tata akauliza.

Daktari akamwonyesha kwa kidole juu ya shati lake mwenyewe, kuanzia shingoni kushuka ubavuni.

Tata akaangalia kile kidole mpaka kikafika mwisho wa safari yake. Kisha akasema, "Nitakuja Januari."

"Mzee, Januari ni mbali sana."

"Huyu kijana wangu amesoma. Amepiga hesabu. Mwaka huu nyumba yetu iko kwenye sufuri, siwezi kulazwa. Januari tunaingia tano."

Daktari akanigeukia mimi. Nilimwona akingoja nicheke, ili na yeye acheke. Lakini mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa. Sikuwa natania wala kumfurahisha mzee. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali nikiogopa vitanda vilivyokuwa nyuma ya lile pazia kuliko nilivyouogopa uvimbe, na nilikuwa nashukuru Mungu kwamba darasa la jioni limenipa macho ya kuona hatari mapema.

Dada alikuja kutoka Suneka siku aliyosikia. Alikuja na maziwa ya mtindi na hasira, akaanza kumwaga hasira kwanza.

"Tata, utaenda. Nimeshaongea na mume wangu, atakuja na gari la jirani."

"Nitaenda. Januari."

"Januari utaenda na nani? Na huyu?" Akanionyesha kwa mdomo. "Huyu ambaye juzi alikuwa hajui hata kugawanya, leo anagawanya watu na hospitali?"

"Mwanangu, na wewe umo kwenye kisanduku," tata akamwambia. "Usipayuke sana. Ukipasuka mshipa nani atakulaza mwaka huu?"

Dada alitoka nje akaenda mpaka kwenye mlango wa ghala. Alisugua kile kisanduku kwa kiganja, akasugua, mkono ukawa mweusi mpaka kwenye kiwiko. Makaa hayatoki kwenye mbao za zamani. Yalisambaa tu, ikawa kama kivuli cha mtu amesimama mlangoni, na ndani ya kivuli namba bado zinasomeka.

Mama alichukua yale maziwa, akayachuja kwa kitambaa yawe mepesi, akampa tata kijiko kwa kijiko.

Wachungaji walikuja Sabato mbili mfululizo. Walimwombea, wakamsihi. Tata aliwapokea vizuri, akawaambia anakubaliana nao kwa kila jambo, isipokuwa mwezi. Wakaondoka. Darasani nilipowaeleza wenzangu, kila mtu alisema mzee ni shujaa, anajua kungoja. Mama wa chapati alinifungia chapati mbili laini nimpelekee. Sikumwambia kwamba tata alikuwa hawezi tena kumeza chapati. Nilizila njiani, nikiwa natembea gizani kwenye majani ya chai, na kila tonge lililoteremka bila shida niliona kama nimemwibia.

Mwalimu alinibakiza baada ya somo. "Ni kweli baba yako anangoja Januari?"

"Ni kweli, Mwalimu. Tunatoka sufuri."

"Nilikuonyesha kwamba hatua haibadiliki. Nilikuonyesha kwamba ni kupita tu."

"Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana tunangoja ipite."

Aliniambia nimpeleke hospitali kesho yake, kwa nguvu kama ni lazima, na akasema angekuja mwenyewe kumwambia mzee. Alikuja kweli, Jumapili, na viatu vya mjini, akipita kwenye utelezi. Tata alifurahi kumwona Mwalimu wetu, maana hakuwahi kukutana naye. Alimsikiliza kwa adabu kubwa, akamsifu anavyoeleza, akamwambia mama amtafutie ndizi mbivu za kubeba. Kuhusu hospitali akasema, "Mwalimu, wewe umeleta hiyo hesabu hapa. Niachie niifuate mpaka mwisho."

Mwalimu alirudi na ndizi zake akiwa analia, na safari hii sisemi nadhani.

Mwaka uliisha polepole kuliko miaka yote tangu dunia iumbwe. Tata alilala upande mmoja, akakohoa, akaamka, akauliza tarehe. Sauti ilikwenda Novemba. Nilifanya mtihani wangu mwezi huo huo na nikapata swali la matriksi. Nililimaliza kabla ya mtu yeyote katika Jamhuri ya Kenya, na jibu nikalipigia mstari mara mbili, kwa sababu determinanti yake ilikuwa tano.

Januari mosi asubuhi tata alivaa koti. Alihitaji mkanda wangu, ule wake haukuwa na tundu la karibu kiasi hicho. Akaninong'oneza, "Profesa, leo ni tano." Shemeji alikuja na gari. Dada alikaa nyuma amempakata kama anavyopakatwa mtoto, na mtu yule aliyekuwa akinibeba mabegani hakufika uzito wa mtoto mkubwa.

Daktari alikuwa ni yule yule wa miwani. Alitazama kamera yake, akatazama picha, akatoka nje akarudi. Hakutukemea. Alisema uvimbe umefunga njia na umefika kwenye ini. Alisema hakuna tena cha kukata. Walimwekea mpira wa kupitishia maziwa tumboni, wakamlaza siku chache, wakatushauri tumrudishe nyumbani.

Alitoka hospitalini akitembea. Lazima niliseme hilo, kwa sababu siku ile niliona ni ushindi. Alishikwa huku na huku, lakini miguu ilikuwa yake. Nilimwambia dada, "Unaona? Ametoka." Sidhani kama aliongea na mimi tena mpaka mazishi.

Tata alifariki kabla chai ya mvua mpya haijachipua, alfajiri, mama akiwa amemshika mkono. Nyumba ilikuwa kwenye tano. Nilikaa nje kwenye kigoda chake nikipiga hesabu upya, sitini na saba mara thelathini na moja, hamsini na sita mara thelathini na saba, nikitafuta nilikokosea. Sikuwa nimekosea. Ilikuwa tano kila mara.

Siku moja kabla ya maziko, mchungaji alisema wasifu wa marehemu uandikwe, nao usomwe na aliyesoma. Wote wakaniangalia. Nilichukua kalamu nikaenda nyuma ya jiko, ambako mama alikuwa amekaa na wanawake wakimenya ndizi za kupikia waombolezaji. Wenzake walinipisha. Nikachuchumaa karibu naye.

"Mama, naanza na kuzaliwa. Niandike mwaka ule wa kwenye kitambulisho?"

"Andika," akasema. "Ila si wake."

"Si wake vipi?"

Hakuacha kumenya. "Walienda kuchukua vitambulisho pamoja, wale waliotahiriwa msimu mmoja. Karani akamwuliza wa kwanza, akataja mwaka. Wa pili akataja ule ule. Wote wakaandikwa huo. Wale wenzake walikuwa wadogo kwake, miaka minne, mitano. Yeye alicheleweshwa jandoni kwa sababu babu yako alikufa na hakukuwa na wa kumsimamia. Na mimi pia nilikisiwa. Karani aliniangalia tu usoni."

Nilikuwa tayari nimeanza kuipiga upya ile ya mwaka jana, nikimwongezea tata miaka minne. Sabini mara thelathini ni elfu mbili na mia moja, toa elfu moja mia tisa na themanini, mia moja na ishirini. Na kama umri wa mama nao ni wa kukisiwa, hata hiyo mia moja na ishirini ni ya kukisiwa. Mama aliona midomo yangu ikicheza, akaniwekea mkono wenye utomvu wa ndizi juu ya kalamu.

"Acha," akasema.

"Lakini tata alijua? Siku ile pale mlangoni, nilipomwambia nimetoa kwenye kitambulisho, alijua mwaka si wake?"

"Angekosaje kujua? Ni yeye aliyekuwa kwenye foleni."

"Sasa kwa nini alingoja?"

Mama akachukua ndizi nyingine, akaipasua ganda kwa kisu kuanzia juu mpaka chini.

"Alikuwa anaogopa kukatwa, mwanangu," akasema. "Hiyo namba yako haikumzuia. Alikuwa anaogopa."